Miti ya matunda kwenye parseli ya Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu aliyepanda au anayetaka kupanda miti michache nyumbani, Himbi, Katindo, Ndosho, Majengo au kwingineko Goma, mahali ambapo ukichimba kidogo tu jembe linagonga jiwe. Kwa sababu hiyo maelezo mengi ni ya mizizi na maji, si ya majani. Mche ukifa hapa mwaka wa kwanza, mara nyingi chanzo kiko chini ya udongo. Walio Bukavu na Lubumbashi wasome swali la mwisho kwanza.

## Kabla ya kupanda

Mwezi gani ni mzuri wa kupanda?

Septemba mwishoni au Oktoba, mvua zikishashika vizuri. Mche unapata mvua mpaka Desemba, unavuka ukavu mfupi wa Januari na Februari, halafu unapata mvua nyingine Machi hadi Mei. Kiangazi cha Juni kinapoingia, mizizi imekuwa ardhini miezi minane hivi.

Machi pia inawezekana, lakini hapo unabaki na miezi mitatu tu kabla ya kiangazi, na utabeba bidoni za maji mpaka Septemba. Juni na Julai achana nayo. Kuna wauzaji wanaoshusha bei ya miche miezi hiyo, na wana sababu yao.

Mti gani unakubali Goma?

Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na hilo linaamua mengi. Avoka, ndimu, mapera, marakuja na binyomoro (nyanya za mti) hustawi. Machungwa huzaa ila huwa na ukali. Papai linapenda joto. Hapa linakua polepole na utamu wake hauwi kama wa papai la bondeni. Mwembe utaota, utakupa majani mazuri na kivuli, na matunda utayasubiri sana. Mwenye parseli ndogo asimpe mwembe nafasi.

Usisahau haraka ya kila mti. Marakuja huweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja au mwaka na nusu, binyomoro karibu miaka miwili, mapera miwili hadi minne. Familia yenye watoto wanaoulizia matunda kila wiki ianze na marakuja ukutani, avoka ikue taratibu nyuma yake.

Mche wa grefe au wa mbegu?

Kwa avoka, grefe, yaani kijiti cha mti unaozaa vizuri kilichounganishwa juu ya mche wa mbegu. Mti wa grefe huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Wa mbegu unaweza kukuweka miaka sita au zaidi, halafu tunda lisifanane kabisa na lile ulilokula ukapenda. Kwa mapera, binyomoro na marakuja, mbegu inatosha.

Pepinieri (kwenye kitalu cha miche), usikimbilie mche mrefu. Inua sashe (mfuko wa plastiki wa mche) uitazame chini. Ukiona mzizi mnene umetoboa plastiki na kujikunja, mche huo umezeeka ndani ya sashe. Utasimama bila kukua hata ukiutunza namna gani. Chukua wa sentimita 40 hadi 60, wenye shina lililonyooka na kovu la grefe lililofunga vizuri.

## Shimo na udongo

Parseli yangu yote ni jiwe la volkano. Nitapanda wapi?

Swali hili linatoka kila kartiye, na jibu linategemea jiwe lenyewe. Katikati ya mji kuna lava ya Januari 2002. Sehemu nyingine zimekaa juu ya lava ya zamani zaidi, iliyokwisha kupasuka na kushika udongo. Kabla ya kulipa mchimbaji, chukua baramina (nondo nzito ya kuchimbia) uipige chini sehemu tatu au nne za parseli. Ikitoa mlio mkali na kurudi mkononi, hapo ni bamba zito. Ikitoa mlio wa kina na jiwe likamegeka, chini kuna kokoto na nafasi. Hapo ndipo pa kuchimba, hata kama si pale ulipokuwa umepapangia mti.

Kipimo cha kawaida ni sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Ukishindwa kufika chini, panua: shimo la sentimita 40 lenye upana wa mita moja ni bora kuliko tundu jembamba lenye kina. Kisha tazama nyufa. Mashimo ya lava hunyonya udongo. Mvua mbili tatu tu, na udongo wako ulionunua umeshuka kusikojulikana, mche umebaki ukining'inia. Ziba nyufa kubwa kwa mawe madogo, halafu tandika gunia kuukuu chini kabla ya kujaza. Gunia litaoza wakati mizizi imeshika. Usitumie shiti ya plastiki: itazuia maji kutoka.

Kama ni bamba tupu, jenga juu. Zungusha ukuta wa mawe yaleyale ya lava, bila simenti, upana mita moja na nusu, kimo sentimita 60. Hiyo inataka karibu mita moja ya ujazo ya udongo, yaani burueti (toroli) kumi na saba au kumi na nane. Bila simenti maji yanapita na mizizi inatafuta njia yake kwenye nyufa. Ndimu, mapera na binyomoro huishi vizuri humo. Avoka itaishi pia, lakini itakuwa mti wa wastani, na upepo wa ziwani usiuchukulie kwa mchezo: weka kijiti imara mwaka wa kwanza na wa pili.

Udongo mweusi unaouzwa kwa lori au kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) ni mzuri?

Mwingine ni mzuri, mwingine umekwanguliwa kwenye shimo la msingi wa nyumba. Ukamate mkononi ukiwa na unyevu kidogo, ufinye, kisha uguse kwa kidole: mzuri unashikana halafu unavunjika kwa urahisi. Ukibaki bonge gumu ni mfinyanzi. Ukitawanyika papo hapo ni mchanga. Ukiona vipande vya simenti, vigae au sashe, mrudishie mwenye nao.

Changanya sehemu tatu za udongo na sehemu moja ya mbolea ya ng'ombe iliyooza. Lava ya Nyiragongo ina potasiamu nyingi, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta dukani. Kinachokosekana ni naitrojeni, ambayo haitoki kwenye jiwe. Inatoka kwenye samadi na majani yaliyooza.

Naweza kutumia mbolea mbichi?

Hapana, inaunguza mizizi. Ilundike miezi miwili au mitatu, uigeuze. Iko tayari ikiwa haina joto ndani wala harufu ya zizi.

Sashe niiondoe au itaoza yenyewe?

Iondoe. Haiozi. Ukifukua mti uliodumaa mwaka mzima bila sababu, si ajabu kukuta sashe nyeusi nzima, na mizizi imejizungusha ndani yake.

Mwagilia mche kwanza ili udongo ushikane. Ulaze, kata plastiki kwa wembe kutoka chini kwenda juu, uivue bila kuvuta shina. Mizizi iliyojikunja chini ikate kwa sentimita mbili hivi, usiogope. Weka mche ili shina lianze kwenye usawa uleule uliokuwa ndani ya sashe. Kwenye ukuta wa mawe uinue kidogo zaidi, kwa sababu udongo mpya utashuka. Kovu la grefe lisiguse udongo kamwe.

## Maji

Nimwagilie kiasi gani?

Siku ya kupanda, bidoni zima la lita 20, polepole, hata kama mvua inanyesha. Baada ya hapo mvua ikiwa ya kawaida huna kazi. Kiangazi cha kwanza, mpe kila mti lita 10 mara mbili kwa wiki. Aliye ndani ya ukuta wa mawe, mara tatu, kwa sababu mawe meusi hupata joto na udongo wake hukauka upesi. Mwaka wa pili, lita 20 mara moja kwa wiki, au mbili kwa waliomo ndani ya mawe.

Hesabu hizo ni za kuanzia tu. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili: ukikuta unyevu, acha. Wengi humwaga kikombe kimoja kila jioni, na hilo ni kosa: maji yanalowesha juu tu, mizizi inabaki juu, na siku ukisafiri kwenda Bukavu mti unakufa. Mwaga mengi kwa siku chache.

Anayenunua maji kwa bidoni achukue chupa ya lita moja na nusu, atoboe tundu dogo kwenye kizibo, aipindue karibu na mche. Maji yanashuka yote kwenye mizizi.

Maji ya ziwa yanaharibu miti?

Hayauwi, lakini si sawa na ya mvua. Maji ya Kivu yana chumvichumvi na pH yake (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua) kwenye maji ya juu ni karibu 9, na maji ya robine (bomba) mjini pia hutoka ziwani. Ukimwagilia avoka au ndimu maji hayo kiangazi kizima, chumvi hubaki kwenye udongo kila maji yanapokauka. Mwezi wa Agosti unaona ncha za majani zimekauka rangi ya kahawia, au majani mapya ni ya njano huku mishipa ikibaki kijani.

Mvua za Septemba husafisha sehemu kubwa. Kabla ya hapo, weka pipa chini ya mabati wakati wa mvua na maji yake uyatunze kwa ajili ya miti miwili unayoipenda zaidi. Kama huna maji mengine, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Marakuja na mapera huvumilia kuliko avoka.

Maji ya kuoshea vyombo au kufulia?

Ya kuoshea mchicha na sombe, ndiyo. Ya sabuni ya unga, hapana, na yenye javeli (dawa ya klorini) ni mwiko.

Nifunike udongo kwa kitu gani?

Makapi ya maharagwe, majani makavu ya mgomba, nyasi zisizo na mbegu: unene wa sentimita 8 hadi 10, upana wa mita moja. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, maana likikaa kwenye unyevu linaoza ganda. Wengine hupanga mawe meusi kuzunguka shina kwa urembo. Jua la saa saba likishayapasha, yaguse uone. Hayo ndiyo yanayopika mizizi ya juu. Yasogeze pembeni.

Jivu la mkaa kidogo kwenye rundo la mbolea halina shida. Kulimwaga chini ya mti kila asubuhi, kama mama wengi wanavyofanya, kunapandisha pH ambayo maji ya ziwa yamekwisha kuipandisha.

## Majani, wadudu na matawi

Majani yanageuka njano. Tatizo ni nini?

Tazama yapi. Ya chini, ya zamani, mti mzima ukiwa hafifu: naitrojeni, ongeza ndoo ya samadi iliyooza mbali kidogo na shina. Mapya ya juu yenye mishipa ya kijani: pH, tazama swali la maji ya ziwa. Yote kwa pamoja yakining'inia huku udongo una maji: mizizi inaoza, acha kumwagilia na utafute maji yanakotoka, mara nyingi ni bomba la bafu la nje. Jani moja moja la zamani likianguka kwenye avoka, huo ni uzee wake wa kawaida.

Volkano ikimwaga majivu au mvua ya moshi wake ikinyesha, nifanyeje?

Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya salfa, na mvua inayopita humo hushuka na asidi. Huacha vidoa vidogo vilivyoungua kwenye majani laini. Majivu yenyewe, yakitanda, nyunyizia majani maji safi asubuhi iliyofuata kabla jua halijapanda, na kwangua tabaka la juu kwenye beseni la mti likiwa nene. Usikate majani yenye vidoa. Yanaendelea kufanya kazi, na mti mchanga hauna majani ya kupoteza.

Kuna wadudu wadogo na majani yananata, yamekuwa meusi.

Ni vidukari au magamba, na weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu wanaoutoa. Fuata sisimizi: wanapanda shinani kwenda kuwachunga. Osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, chini ya jani pia, jioni, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Kisha funga kitambaa chenye mafuta mazito juu ya karatasi ngumu kuzunguka shina, sisimizi wasipite. Mafuta yenyewe yasiguse ganda. Dawa kali ya dukani kwenye mti wa mwaka mmoja haina maana.

Mche umetoa maua mwaka wa kwanza. Niyaache?

Avoka na ndimu, yatoe. Najua inauma. Tunda moja kwenye mti wa kimo cha goti linakula nguvu ya mizizi. Marakuja na binyomoro, yaache.

Chini ya grefe kunatoka chipukizi lenye nguvu kuliko mti wenyewe.

Hilo ni la mti wa chini, na ukiliacha litameza grefe yako. Ling'oe kwa kidole likiwa changa, usilikate kwa mkasi, maana jicho hubaki na kurudi.

Ukiwa hapo hapo, tazama utepe wa plastiki wa grefe. Pepinieri nyingi huuacha. Shina likinenepa, utepe unazama kwenye ganda, juu yake kunavimba, chini kunabaki kwembamba, na siku ya upepo mti unakatika hapo. Upasue kwa wembe kwa wima upande ulio mbali na jicho la grefe, miezi mitatu au minne baada ya kupanda.

## Visa vya pekee

Mimi ni mpangaji. Nipande kweli?

Panda ndimu ya grefe ndani ya nusu pipa lenye matundu chini na kokoto za lava sentimita tano. Ukihama, linapanda chukudu pamoja na magodoro. Maji yake ni karibu kila siku mbili wakati wa kiangazi. Avoka kwenye pipa ni kujidanganya. Kwenye ardhi ya mwenye nyumba, panda baada ya kuongea naye, matunda ni ya nani, mbele ya mtu mwingine.

Niko karibu na ziwa na shimo langu linaua mijusi. Ni mazuku?

Inawezekana sana, na hapa tuache mambo ya miti kidogo. Kati ya Goma na Sake, Himbi na Keshero zikiwemo, kuna sehemu za chini ambapo gesi ya kaboni dioksidi (ndiyo mazuku) hutoka ardhini na kutuama, hasa usiku na alfajiri bila upepo. Imeua watu na mifugo. Haina rangi. Ukiona ndege, panya au wadudu wamekufa ndani ya shimo, usishuke wala usiinamishe kichwa humo, zuia watoto, fukia shimo. Mti nao hautakaa hapo, kwa sababu mizizi inataka hewa. Panda upande wa juu wa parseli.

Umbali gani kutoka nyumba na fosi septiki (shimo la maji ya choo)?

Avoka, mita sita au zaidi kutoka ukuta na mita tano kutoka fosi. Ndimu na mapera, mita tatu. Na jirani? Tawi linalovuka ukuta wake likate mapema, au kubaliana kwamba matunda ya upande wake ni yake. La pili linaleta amani zaidi.

Mbuzi na kuku wanamaliza kila kitu.

Mbuzi anakula ncha, kuku anafukua mizizi. Kinga ni mbili tofauti. Kwa mbuzi, vijiti vinne na wavu mpaka kimo cha mita moja na nusu. Kwa kuku, mawe madogo juu ya majani ya kufunikia, mbali na shina.

Avoka imekufa. Nipande nyingine kwenye shimo lilelile?

Ng'oa, tazama mizizi. Ikiwa mieupe na mikavu, ilikosa maji. Panda avoka nyingine. Ikiwa myeusi na inavunjika mkononi, kuna kuvu ya kuozesha mizizi, na avoka ya pili itakufa vilevile. Rekebisha njia ya maji kwanza, na hapo weka mgomba.

Niko Bukavu, au Lubumbashi. Haya yote yananihusu?

Miezi ya kupanda ya Bukavu ni ileile. Tofauti ni mteremko na udongo mwekundu mzito. Chimba, kisha tumia udongo uliotoka kujenga tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mti, lizuie maji yanayokimbia. Avoka iinue kwenye kichuguu cha sentimita 30, maana kwenye mfinyanzi inaoza mizizi upesi kuliko kwenye lava yetu.

Lubumbashi ni habari nyingine. Mvua ni Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi karibu miezi sita, kwa hiyo panda Novemba au Desemba mapema na ujiandae kumwagilia mpaka Oktoba. Mwembe, tuliouweka kando hapa, ndio mti wa kwanza kuupa nafasi kule. Udongo wake ni wa asidi, kwa hiyo jivu la mkaa linasaidia. Adui ni mchwa: usitumie kijiti kikavu cha mti kushikilia mche, weka chuma au mwanzi mbichi, sogeza majani ya kufunikia viganja viwili kutoka shinani, na pitia kila wiki uvunje njia za udongo wanazojenga juu ya ganda.